Reli Mbili na Santuri Moja: Historia Fupi ya Vipimo

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache kuhusu kazi niliyoifanya kabla ya kustaafu na kuhamia hapa Chitete, wilayani Momba. Nimeona ni vema nieleze jambo moja tu, ambalo vijana waliopo shuleni hivi sasa hawakulikuta: jinsi tulivyokuwa tukiunganisha kisomeo cha sidii na kompyuta za zamani za Unix.

Tuanze na reli, maana sisi wa Momba tunaiona kila tuendapo Tunduma. TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976. Upana kati ya vyuma vyake ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia. Reli ya Kati, iliyoanzwa wakati wa Wajerumani, ina milimita 1,000. Kwa hiyo behewa la TAZARA huvuka mpaka wa Tunduma bila kupakuliwa, lakini haliwezi kufika Tabora. Ndiyo sababu mwaka 1998 kilifunguliwa kituo cha Kidatu, mizigo ihamishwe kutoka reli moja hadi nyingine. Shida yote hiyo imeletwa na milimita 67.

Kompyuta nazo zina vipimo vyao. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Miaka ya 1980 kampuni kama Sun Microsystems, iliyoanzishwa California mwaka 1982, zilitengeneza mashine za Unix za kuwekwa mezani kwa wahandisi na watafiti. Mashine hizo zilizoea diski za sumaku, zinazosomwa kwa mafungu ya baiti 512.

Sidii ilikuja kwa njia nyingine. Ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, kazi ya Sony na Philips, nayo ilikuwa santuri ya muziki. Ilipogeuzwa kuhifadhi maandishi, fungu lake likawa baiti 2,048, yaani mara nne ya lile la mashine. Sidii moja ilibeba takribani megabaiti 650, zaidi ya disketi 400. Kila mwenye mashine akaitaka.

Nchini kwetu kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Mashine za Unix nilizokutana nazo miaka ya 1990 zilikwisha kutumika kwingine, nazo zilifika bila kitabu cha maelekezo. Ilitubidi tujifunze kwa kuzifungua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vifaa viliungwa kwa waya wa SCSI, ambao mafundi huutamka “skazi”. Kila kifaa kilipewa namba, 0 hadi 7. Namba 7 ilikuwa ya kompyuta yenyewe, na mashine za Sun zilizoea kuitafuta sidii kwenye namba 6. Mwisho wa waya ulifungwa kizibo maalumu, la sivyo mawimbi ya umeme yalirudi nyuma na kuvuruga habari. Kisha likaja lile la vipimo. Nyuma ya baadhi ya visomeo palikuwa na jampa, kijipande kidogo cha kuunganisha vijiti viwili, cha kukiamuru kisomeo kitoe mafungu ya 512. Visomeo vingine vilitaka ukate njia ya umeme kwenye bodi. Bila hivyo, mashine nyingi za zamani ziliitambua sidii lakini zikakataa kuwaka kwayo. Kijipande hicho ndicho kilikuwa Kidatu yetu.

Mwaka 1988 mataifa yalikubaliana juu ya mpangilio mmoja wa mafaili ya sidii, ISO 9660, na tangu hapo sidii moja iliweza kusomwa na mashine za kampuni mbalimbali.

Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Kompyuta nyingi zinazouzwa leo hazina kisomeo cha sidii kabisa. Lakini kabatini mwetu, wenzangu wa zamani, zimo sidii zenye picha za harusi, tasnifu, hesabu za vyama na kumbukumbu za ofisi. Sidii inaweza kuwa nzima, lakini kisomeo kikikosekana, yaliyomo hayatufai kitu. Nawasihi mzinakili mwaka huu, wakati visomeo bado vinapatikana kwa mafundi na wanaojua kuviunga bado wako hai.

Nanyi wanafunzi, mkipewa chombo chochote cha kuunga na kingine, ulizeni kwanza vipimo vyake, na nani alivipanga. Aliyepanga upana wa TAZARA alikuwa anatazama Zambia. Aliyepanga fungu la sidii alianzia kwenye muziki.