Kofi la Sparta

Ndani ya nyumba ya vioo, katikati ya okidi, tajiri Endicott anamweleza mpelelezi mweusi kwamba maua haya ni kama watu weusi: hayaishi bila kulelewa, na ulezi unataka subira. Mtumishi wake, mtu mweusi wa makamo, amesimama kando na sinia ya vinywaji. Mpelelezi anauliza maswali mawili matatu. Mzee anatambua kwamba anahojiwa kama mshukiwa wa mauaji, anamsogelea, anamzaba kofi. Hujapepesa jicho, kofi limerudi.

Hayo yalionekana katika sinema za Marekani Agosti 1967, kwenye filamu In the Heat of the Night. Mwezi mmoja tu nyuma, Newark na Detroit zilikuwa zimewaka moto. Mtu mweusi kumpiga mzungu mwenye mali mbele ya mkuu wa polisi, kisha akatoka kwa miguu yake, Hollywood haikulizoea. Endicott anamuuliza mkuu wa polisi Gillespie atafanya nini, na Gillespie hajui. Wageni wakishaondoka mzee anabaki akilia. Ila mimi kila nikiitazama filamu hii humtazama yule mwenye sinia. Anatikisa kichwa na kujiendea zake, na hatuambiwi ameona nini.

Katika riwaya ya John Ball ya 1965, kofi hilo halimo. Humo Endicott ni mtu muungwana, mpelelezi, Virgil Tibbs, anatoka Pasadena, California, na aliyeuawa ni kiongozi wa okestra. Stirling Silliphant alipoiandika kwa ajili ya sinema, marehemu akawa tajiri wa Chicago aliyekuja kujenga kiwanda, Tibbs akatoka Philadelphia, na Endicott akawa bwana wa mashamba ya pamba. Ni mabadiliko ya busara kubwa. Kiwanda kikijengwa, nani atabaki kuchuma pamba? Kwa swali hilo chuki ya Endicott inapata hesabu zake, haibaki kuwa roho mbaya tupu.

Kisa kinatokea Sparta, Mississippi, lakini mji unaouona ni Sparta ya Illinois, kaskazini. Kwa kuwa majina yamefanana, hapakuwa na haja ya kupaka upya vibao. Sababu ya kukwepa Kusini ilikuwa Sidney Poitier mwenyewe, mwigizaji wa Tibbs. Mwaka 1964 yeye na Harry Belafonte walipeleka dola 70,000 taslimu Greenwood, Mississippi, kwa vijana waliokuwa wakiwaandikisha Weusi kupiga kura. Usiku huohuo watu wa Ku Klux Klan waliwakimbiza kwa malori na kuligonga gari lao. Baada ya hapo hakutaka tena kusikia habari za Kusini. Mwongozaji, Norman Jewison wa Kanada, alimbembeleza akakubali siku chache za Dyersburg, Tennessee, maana mashamba ya pamba hayaigiziki. Huko alilala na bastola chini ya mto.

Uzito wa jina analoitwa mtu, wasomaji wetu wa umri fulani hawahitaji kuelezwa. Katika nyumba za walowezi, mtu mwenye wajukuu aliitwa boi, naye alimwita bwana hata kijana wa miaka 20. Mississippi ilitumia neno lilelile. Tibbs anakamatwa usiku kituoni akisubiri treni, kosa lake ngozi yake na noti zilizomo katika pochi. Kumbe ni ofisa wa polisi, na mshahara wake, dola 162.39 kwa wiki, unamchoma Gillespie kuliko lolote. Baadaye Gillespie anamuuliza kwa kejeli huko kwao wanamwitaje. Wananiita Bwana Tibbs, ndilo jibu. Poitier alikuwa ameshauona ulimwengu huo wa boi na bwana: kabla ya 1957 alifika Kenya, hali ya hatari ingalipo, kuigiza Kimani, Mkikuyu anayeingia Mau Mau katika filamu Something of Value. Mwaka 1959 jina lake lilikuwamo katika ombi la fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Tom Mboya kwenda Marekani.

Jambo moja wengi hulipita. Mpiga picha Haskell Wexler alipunguza taa ili uso wa Poitier using'ae kwa mwanga mkali uliozoeleka kupimwa kwa ngozi nyeupe. Ndiyo maana unaiona hasira ikipanda kabla hajasema neno.

Sherehe ya Oscar ilipangwa Aprili 8, 1968. Martin Luther King aliuawa Memphis Aprili 4, akazikwa tarehe 9, sherehe ikasogezwa hadi 10. Filamu ilipata tuzo tano, ikiwemo ya filamu bora. Rod Steiger, aliyemwigiza Gillespie, alitwaa ya mwigizaji bora. Poitier hakuteuliwa hata, na mwaka huo alikuwa na filamu tatu.

Lawama zilikuwepo, na nyingine za haki. Mwandishi wa tamthilia Clifford Mason aliuliza katika New York Times kwa nini wazungu wanampenda Poitier kiasi kile. Kwake, alikuwa mweusi asiye na doa, aliyetengenezwa asimtishe mtu. Kwa Tibbs, lawama hiyo inamkosa kidogo. Baada ya kofi anataka kumwangusha Endicott kwa udi na uvumba, ushahidi baadaye, na ni Gillespie anayemwambia kwamba na yeye ni binadamu kama wao. Muuaji, mwishowe, si Endicott.

Siku ya kuagana, Gillespie anambebea Tibbs sanduku mpaka kituoni. Mzungu, mkuu wa polisi, anamchukulia mzigo mtu mweusi hadharani. Wanapeana mikono, anamwambia ajitunze, na anamwita Virgil.