Gorong'ondwa wa Mwanza na safari ya jina lake

Watalii wa Serengeti humwita mjusi huyu Spider-Man. Sababu unaiona mwenyewe jua likishapasha mawe: dume ana kichwa, shingo na mabega mekundu yanayokaribia zambarau, na kuanzia hapo hadi mkiani ni buluu. Hupanda juu ya jiwe, akajiinua kwa miguu ya mbele na kutikisa kichwa juu chini kumwonya dume mwenzake. Majike ni wa kahawia, rangi ya mwamba wenyewe. Jioni baridi ikiingia, dume naye hufifia.

Jina lake la kitaalamu ni Agama mwanzae, na makao yake ni miamba ya granaiti ya ukanda huu unaotoka Mwanza, ukapita Maswa na Bariadi, hadi Serengeti na Maasai Mara.

Ukoo wake ulianza vibaya vitabuni. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden alimwandika mjusi aliyemwita Lacerta agama, akasema anaishi Amerika! Gorong'ondwa wa jenasi ya Agama ni wa Afrika, na huko Amerika ya Kusini hawapo kabisa. Ilichukua hadi 2009 kwa wataalamu kulimaliza suala hilo, wakachagua mjusi kutoka Kamerun awe kielelezo rasmi cha jina hilo.

Huku kwetu, George Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza alikwishamtambulisha gorong'ondwa mwingine, Agama lionotus, mwaka 1896. Kisha akaja Arthur Loveridge, mzaliwa wa Wales aliyefika Nairobi 1914 kutunza makumbusho, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akafanya kazi ya wanyamapori Tanganyika. Mwaka 1923 alichapisha London maelezo ya mijusi aliowakusanya, akatenga aina ndogo mbili za lionotus: moja akaipa jina la Mwanza, nyingine la Dodoma. Hakudai kwamba wa Mwanza ni spishi kamili. Waliomfuata ndio waliompandisha cheo. Kwa maoni yangu walifanya haki, kwani rangi ile haifanani na ya lionotus.

Chakula chake ni wadudu: mchwa, sisimizi, panzi. Hana sumu, na hana haja na mtu. Anachohitaji ni nyufa za kujificha, nazo hupotea mwamba unapopasuliwa kuwa kokoto. Wapasua mawe wa Nyalikungu na kwingineko Simiyu, wabakizieni hata mwamba mmoja.