Sauti na Utunzi: Dai la Taita juu ya Wimbo wa Malaika

Mwaka 1981 kundi la Boney M, ambalo kwa miaka kadhaa lilikuwa limezitawala kumbi za dansi za Ulaya kwa nyimbo zilizotengenezwa Ujerumani Magharibi chini ya mkono wa Frank Farian, lilitoa albamu iitwayo Boonoonoonoos, ambayo awali ilikusudiwa kuwa ya santuri mbili na hatimaye ikatoka kwa santuri moja. Na baina ya nyimbo zake zenye harufu ya Jamaika ulikuwamo mmoja wa Kiswahili, uliotolewa vile vile katika santuri ndogo pamoja na wimbo wa Consuela Biaz, nao ni Malaika. Msikilizaji wa Hamburg au wa Paris hakuwa na sababu ya kuuliza umetoka wapi. Aliyeusikia Voi, au Wundanyi, au Taveta, alikuwa na jawabu kabla hajaulizwa: huu ni wimbo wa Fadhili William, na Fadhili ni mtoto wa Taita.

Jawabu hilo limekaa vinywani mwetu muda mrefu hata limekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi, nami sikusudii kulibatilisha. Ninalokusudia kuonyesha ni kwamba tumelipeleka mbele ya kadhi asiyehusika. Tunadai utunzi, ambao ndio upande wa haki yetu ulio dhaifu na wenye wapinzani wengi, ilhali tumeuacha kando upande ulio na nguvu: kwamba sauti iliyouingiza wimbo huu katika santuri kwa mara ya kwanza, na umbo ambalo waimbaji wa mataifa mbalimbali wamelifuata tangu hapo, ni vya mtu huyu. Kwa dai la kwanza tunaingia katika mabishano yasiyo na mwisho na ndugu zetu wa pwani na wa Tanzania. Kwa dai la pili tunasimama mahali ambapo sijamwona wa kutusukuma.

Habari zisizo na mgogoro ni chache na zaweza kusemwa kwa ufupi. Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Taita. Akarekodi Malaika mnamo 1959 akiwa na kundi la Jambo Boys. Akaurekodi tena mwaka 1963 pamoja na Equator Sound Band, kundi la studio ya Charles Worrod mjini Nairobi, ambamo walipita pia Daudi Kabaka, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Akaishi miaka mingi Marekani, akarejea, akafariki mwaka 2001. Mgogoro waanza tunapouliza nani aliyeyapanga maneno yale ya kijana anayetamani kuoa na hana mali ya kuolea. Yuko Adam Salim, Mtanzania aliyekuwa akiishi Nairobi siku za Vita vya Pili vya Dunia, ambaye husemwa kuwa aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya mpenzi ambaye wazee hawakuridhia amwoe. Yuko Grant Charo, mwanamuziki aliyekuwa karibu na Fadhili mwenyewe. Yuko Lucas Tututu wa Malindi. Na yuko Fadhili, ambaye jina lake ndilo lililotangulia kuandikwa, na kwa hiyo ndilo ambalo watu wengi hulitaja.

Desturi yetu katika mambo haya imekuwa ni kumchagua mmoja na kuwaita waliobaki waongo. Naona desturi hiyo ina taksiri kubwa, maana yachukulia kwamba katika miji ya Afrika Mashariki ya miaka ya arobaini na hamsini wimbo ulizaliwa kama azaliwavyo mtoto, siku moja, nyumbani kwa mtu mmoja, mbele ya mashahidi wanaojulikana. Atakayetazama ramani ataona mambo kwa namna nyingine. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Voi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakatoa tawi kutoka Voi kwenda Taveta hadi kuiunga na reli ya Wajerumani huko Kahe, nchi ya Tanganyika. Tangu hapo mji wetu mdogo ukawa njia panda ambapo mtu wa pwani, mtu wa Moshi na mtu wa Nairobi hukutana wakingoja treni, na mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta yakawakusanya vibarua wa makabila yasiyosikilizana ila kwa Kiswahili. Si ajabu basi kwamba wadai wa wimbo huu wanatoka pande zile zile ambazo njia zile zilielekea: Tanganyika, pwani, Nairobi, na Taita iliyo katikati yake. Gitaa lilisafiri na mwenye gitaa, beti zikaongezwa na kupunguzwa mahali palipochezwa dansi, na aliyeusikia wimbo Jumamosi aliweza kuuimba Jumamosi ya pili kwa maneno yaliyomkaa, pasipo kudhani kwamba amemwibia mtu kitu.

Maudhui yenyewe yashuhudia hali hiyo. Kijana anayelalama kwamba fedha zimemtia dhiki na kumzuia asimwoe ampendaye hakuwa mtu mmoja mwenye msiba wake wa pekee. Alikuwa kila kijana aliyeshuka milimani kwenda kutafuta ujira wa kulipia mahari, akakuta ujira hautoshi kodi na mahari kwa pamoja. Yamkini Adam Salim aliyasema hayo kwa uchungu wake mwenyewe, na yamkini Charo, Tututu na Fadhili nao kila mmoja aliyasema kwa uchungu wake. Uchungu ulikuwa wa tabaka zima. Sisemi kwa hili kwamba wimbo hauna mtunzi. Nasema kwamba tukimtafuta mtunzi mmoja kwa kumbukumbu za wazee, kila upande ukiwa na wazee wake, tutabaki pale tulipo.

Aliyehitaji mtunzi mmoja alikuwa ni santuri. Karatasi ile ya mviringo iliyobandikwa katikati yake ilikuwa na nafasi ya kuandika jina, na sheria ya Kiingereza iliyotumika katika koloni, na baadaye Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 1966, ziliutambua utunzi kuwa ni mali yenye mwenyewe, asiyeandikwa hakuwapo. Katika mambo haya hatuko peke yetu. Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi Mbube huko Johannesburg mwaka 1939 katika studio ya Gallo, alipokea shilingi chache kwa kazi ambayo baadaye iliwatajirisha watu wa New York, akafariki mwaka 1962 katika umaskini, na warithi wake hawakufikia mapatano na waliokuwa wakiushikilia wimbo ila mwaka 2006. Kisa cha Linda huletwa mara kwa mara kuwa ni ndugu wa kisa chetu, nami nakubali, ila kwa sharti moja: Linda hakuwa na mpinzani nyumbani kwake. Sisi tunao watatu, na kadiri tunavyomfananisha Fadhili na Linda ndivyo tunavyojifunga kuthibitisha jambo tusiloweza kulithibitisha.

Hapa ndipo Boney M wanapotufaa kuliko walivyokusudia. Kundi hili lilikuwa ni fumbo juu ya swali la nani mwenye wimbo. Bobby Farrell, yule mwanamume aliyeruka na kucheza mbele ya watazamaji hata jina la kundi likawa karibu sawa na lake, hakuziimba zile sauti nzito katika santuri. Aliyeziimba ni Farian mwenyewe ndani ya studio, na Maizie Williams naye hakutumiwa kwa sauti katika santuri zile, kazi ya uimbaji wa wanawake ikachukuliwa na Liz Mitchell na Marcia Barrett. Watu wakanunua uso wa mtu huyu na sauti ya yule. Miaka kadhaa baadaye Farian huyo huyo alifanya hivyo tena na vijana wawili wa Milli Vanilli, na mambo yalipofichuka mwaka 1990 tuzo ya Grammy waliyokuwa wamepewa ikanyang'anywa. Ndipo dunia ikakiri, kwa hasira nyingi, jambo ambalo sheria za utunzi hazikuwa zikilitilia maanani: kwamba sauti ya mwimbaji ina mwenyewe, na kuinasibisha kwa mwingine ni dhuluma.

Fauka ya hayo, nyimbo zilizowapa Boney M utajiri zilikuwa na wenyewe kabla yao. Rivers of Babylon, iliyovuma Ulaya mwaka 1978, ilikuwa ya Brent Dowe na Trevor McNaughton wa kundi la Melodians la Jamaika, na katika santuri ya Boney M majina yao yakawekwa pamoja na jina la Farian. Upande wa pili wa santuri ile palikuwa na Brown Girl in the Ring, mchezo wa watoto wa visiwa vya Karibi usio na mtunzi anayejulikana. Na juu ya wimbo huo usio wa mtu, mwanamuziki Peter Herbolzheimer alimshitaki Farian katika mahakama za Ujerumani, akidai kwamba mpangilio uliotumika ni wake, na shauri hilo likachukua zaidi ya miaka 20. Msomaji na alipime jambo hili kwa makini. Maneno hayakuwa ya Herbolzheimer wala lahani haikuwa yake; alichodai ni namna wimbo ulivyovishwa ala na kupewa mwendo, na madai hayo yalionekana kuwa na uzito wa kutosha kushughulisha mahakimu zaidi ya miongo miwili. Ikiwa mpangilio wa mchezo wa watoto waweza kudaiwa hivyo Ujerumani, sioni kwa nini Taita iogope kudai umbo la Malaika.

Maana umbo ndilo alilolitoa Fadhili. Katika santuri za Nairobi wimbo unakwenda taratibu, magitaa yakifuatana bila kugombana, na sauti haipazwi hata mahali ambapo maneno yangeliruhusu kilio. Mwimbaji anaeleza dhiki yake kwa adabu, kama mtu azungumzaye na wazee wa upande wa pili. Uchaguzi huo wa kutolia ni kazi ya sanaa kamili, na lau angelichagua kinyume chake huenda wimbo ungelibaki miongoni mwa mamia ya nyimbo za mapenzi za zama zile zilizosahauliwa. Miriam Makeba alipouimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, ile iliyopata Grammy mwaka uliofuata, aliuongezea ukubwa wa sauti yake, lakini mwendo ni ule ule na utulivu ni ule ule. Boney M waliutia vinanda vya Ulaya na Kiswahili cha kubabaika, na bado chini ya mapambo yote yale wamesikika wakitembea kwa hatua za Nairobi. Hata Angélique Kidjo wa Benin alipoufikia mwaka 1991 alikuta nyumba imekwisha jengwa. Hakuna katika hawa aliyemsikia kijana wa mwaka 1945 akiimba barazani. Njia iliyowafikisha kwenye wimbo ni njia ya santuri.

Atasema mtu kwamba dai la namna hii halina faida, kwa kuwa mirabaha hulipwa kwa jina la mtunzi. Kwa siku zilizopita ni kweli. Sheria ya mwaka 2001, inayotumika sasa, yaeleza wazi haki za watumbuizaji, jambo ambalo wanamuziki wa zama za Equator hawakuwa nalo. Lakini sheria haikuandikwa kwa ajili ya waliokwisha imba miaka 40 kabla yake, na Fadhili alifariki mwaka ule ule ilipopitishwa. Kwa upande wa utunzi, sheria hiyo inailinda kazi kwa miaka 50 baada ya kufa kwa mtunzi, kwa hiyo ikiwa mtunzi ni Fadhili ulinzi wadumu hadi mwisho wa mwaka 2051, na ikiwa ni mwingine hesabu yabadilika. Hilo ni shauri la warithi na mawakili wao, nao wana haki ya kulifuata hadi mwisho. Heshima ya nchi ni shauri jingine. Kaunti ya Taita Taveta haigawani mirabaha na mtu; inachotafuta ni neno la kweli la kuandika juu ya jiwe la ukumbusho pale Voi, na neno mtunzi likiandikwa pale litafutwa na kila msafiri atokaye Malindi, ilhali habari ya aliyerekodi kwanza, pamoja na mwaka wake na jina la kundi lake, haitafutwa na yeyote.

Liko pingamizi zito zaidi, nalo latoka ndani ya hoja yangu mwenyewe. Tukisema kwamba anayeupa wimbo umbo ana haki ndani yake, basi Makeba naye anayo kwa alichoongeza, na Liz Mitchell na wenzake wanayo kwa kiasi chao, hata kama Kiswahili chao kinatuchekesha. Nalikubali hilo bila kusitasita. Gumu zaidi ni kwamba umbo la mwaka 1959 na la 1963 halikufanywa na koo moja. Lilifanywa na makundi, na Equator Sound Band halikuwa la Wataita: Kabaka alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, Nashil Pichen na Peter Tsotsi walitoka katika nchi iitwayo leo Zambia, na wako wapiga magitaa ambao karatasi ya santuri haikuwa na nafasi ya kuwataja. Jiwe la Voi likiwa la haki, itabidi liwe pana kuliko tulivyokuwa tukidhani tulipoanza kulidai.