Somo la Historia: Baragumu, Simu ya Upepo na Simu ya Mkononi

Leo twajifunza jinsi habari zinavyomfikia mtu aliye safarini.

Zamani njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitembea zaidi ya miezi 4 kutoka pwani hata Kaze, karibu na Tabora ya leo. Barua nayo ilikwenda kwa miguu. Aliyekwisha kuondoka hakuweza kuitwa arudi ila kwa kukimbiliwa. Katika msafara wenyewe, baragumu la kiongozi ndilo lililotoa amri.

Sasa sikilizeni ajabu hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliiteka Tabora mwezi Septemba 1916. Askari wa Wajerumani wakasukumwa kusini, wakapungukiwa dawa na risasi. Tarehe 21 Novemba 1917, chombo cha angani kilichoitwa L 59 kiliondoka Bulgaria kuwaletea shehena ya tani 15 hivi. Kilikuwa mfano wa puto refu lenye injini, na ndani yake mlikuwa na simu ya upepo. Kilipokuwa juu ya Sudan, amri ikaingia: rudini, mahali pa kutua pamekwisha kutekwa. Wakageuza, wakafika Bulgaria salama baada ya saa 95 angani. Bila maneno yale machache, huenda wangeshukia mikononi mwa adui.

Je, jambo hili latuhusu nini? Leo abiria hupanda ndege Tabora, akafika Dar es Salaam siku ile ile. Rubani huongozwa kwa redio. Simu yako ya mkononi nayo ni redio ndogo. Hutoa mawimbi ikitafuta mnara. Mawimbi hayo yaweza kuleta mvumo masikioni mwa rubani, hasa wakati wa kutua. Si kwamba kila simu huangusha ndege, la. Lakini kama kila mpagazi angepiga baragumu lake, nani angelisikia la kiongozi? Basi ukiambiwa uzime simu, au uiweke katika hali ya ndegeni, fanya hivyo.

Maswali:
1. Burton na Speke walitumia muda gani kufika Kaze?
2. Kwa nini L 59 kiligeuka?
3. Mweleze jirani yako sababu ya kuzima simu ndegeni.

Kwaherini.