Tundu Nyuma ya Jicho

Ukisimama penye soko la Mukurweini, ewe msomaji, utaona jinsi barabara zinavyopanda na kushuka migongo ya vilima vya kahawa, na jinsi pikipiki zinavyoteleza juu yake wakati wa masika. Si ajabu, basi, mtu kuanguka na kuumia kichwa. Aghalabu huinuka, hufungwa jeraha, akarudi shambani. Lakini hutokea, ingawa ni nadra, kwamba baada ya siku au majuma kadhaa jicho lake moja huwa jekundu na kutokeza nje, naye husikia kichwani mvumo unaokwenda sawasawa na mapigo ya moyo. Jamaa zake hudhani ni ugonjwa wa macho, wakamnunulia dawa ya matone. Sivyo.

Ateri iitwayo karotidi hupanda shingoni kupeleka damu ubongoni. Nyuma ya jicho hupita katikati ya chumba kilichojaa damu ya vena, mfano wa bomba la maji yenye nguvu lililolazwa ndani ya mfereji utiririkao polepole. Hapana mahali pengine mwilini ambapo ateri hupita hivyo ndani ya vena. Fuvu likivunjika, ateri hiyo yaweza kutoboka. Damu ya kasi humwagika katika vena, vena za jicho zikafurika, na jicho lisipotibiwa laweza kupofuka.

Mnamo mwaka 1809 mpasuaji wa London, Benjamin Travers, alikutana na jicho la namna hiyo. Mgonjwa wake hakuwa ameanguka: alikuwa mwanamke mja mzito aliyesikia ghafula kitu kikialika kichwani mwake. Travers aliifunga karotidi shingoni kwa uzi, na mwanamke akapona. Kwa zaidi ya miaka 100 wapasuaji waliifuata njia hiyo, nami naiona ilikuwa njia ya ushujaa kuliko ya uhakika. Ni sawa na kuuziba mto kwenye chanzo chake kwa sababu ya tundu moja huko chini. Ubongo uliweza kukosa damu, mgonjwa akapooza au akafa. Na mara nyingine damu ilizunguka kwa ateri nyingine, ikalifikia tundu lilelile kutoka upande wa pili.

Huenda ukauliza juu ya mafundi wa Kisii, waliojulikana sana kwa kufungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani. Ustadi wao ulikuwa wa kweli, lakini jeraha hili liko chini ya ubongo, mahali ambapo kisu chao hakikuweza kufika.

Ilibakia kutafuta njia ya ndani. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Lisbon alitia dawa ndani ya ateri na kuionyesha mishipa ya ubongo katika picha ya eksirei. Mwaka 1930 Mmarekani Barney Brooks aliifungua karotidi shingoni akatia kipande cha msuli, ili mkondo wenyewe wa damu ukichukue hadi penye tundu. Tazama werevu wake! Ila kipande kikishaachiliwa hakina usukani.

Usukani ulipatikana Moscow. Husimuliwa kwamba siku ya Mei Mosi mwaka 1959 daktari Fedor Serbinenko aliwatazama watu wakiyaongoza maputo kwa nyuzi zao, akawaza. Baada ya miaka mingi ya kujaribu, mwaka 1974 aliutangazia ulimwengu puto dogo lililofungwa kwenye ncha ya mpira mwembamba: lilipelekwa ndani ya mshipa, likajazwa penye tundu, likaachwa humo, na mara nyingi ateri yenyewe ikabaki wazi. Mwaka 1990, huko Los Angeles, Guido Guglielmi alianza kutumia nyuzi laini za platinamu zinazojikunja, ambazo daktari aweza kuzirudisha nyuma asiporidhika nazo kabla ya kuziachilia.

Siku hizi kazi ya namna hiyo hufanywa hata Nairobi. Mpira huingizwa kwa tundu la sindano penye kinena, ukapanda hadi kichwani huku daktari akiufuata kwa eksirei, wala fuvu halifunguliwi. Lakini safari ya mgonjwa wetu huanzia karibu zaidi, hospitalini Mukurweini, au Tumutumu, au Nyeri. Hapo huhitajika chombo kidogo tu: daktari akikiweka kipimio cha moyo juu ya kope iliyofumbwa, mara nyingi huusikia mvumo uleule ambao mgonjwa amekuwa akiulalamikia.