Kuyumba kwa kromosomu katika saratani ya kinywa

Kuyumba kwa kromosomu ni hali ya seli kushindwa mara kwa mara kugawa sawasawa kromosomu zake inapojigawanya. Seli moja hubaki na ziada, nyingine na upungufu. Mjerumani Theodor Boveri aliihusisha kasoro hiyo na saratani mwaka 1914.

Saratani nyingi za kinywa huanzia kwenye seli bapa za utando, na chini ya hadubini hufanana sana. Kromosomu husaidia kuzitenganisha. Katika uvimbe uliotokana na tumbaku au pombe, mara nyingi jeni ya TP53, mlinzi wa mgawanyiko wa seli, imeharibika na kromosomu zimevurugika: mkono mfupi wa kromosomu ya 3 hupotea, na eneo la 11q13 kwenye kromosomu ya 11, lenye jeni ya CCND1, huongezeka nakala. Lipo kundi dogo ambalo kromosomu zake zimetulia. TP53 ni nzima, jeni za HRAS na CASP8 ndizo zilizobadilika, na wagonjwa wake huwa na matumaini zaidi. Saratani za koromeo zinazoletwa na virusi vya HPV ni jamii nyingine: virusi huangamiza protini ya p53, inayotokana na jeni ya TP53, bila kuigusa jeni yenyewe.

Manufaa makubwa zaidi ya kuchunguza kasoro hizi za kromosomu yako kabla ya saratani. Lukoplakia, yaani baka jeupe kinywani lisilofutika kwa kukwanguliwa, huwa na hatari kubwa zaidi ya kugeuka saratani ikiwa imepoteza vipande vya mikono mifupi ya kromosomu za 3 na 9 (3p na 9p), hata pale ambapo mpatholojia haoni mabadiliko makubwa ya seli. Baka la namna hiyo halistahili kuachwa bila kufuatiliwa.