Daftari Likiwa Ndani ya Mashine

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi walimu wa Kiswahili leo tunauliza: je, daftari lenyewe likiwa ndani ya mashine, nani anashika ufunguo wake?

Swali hili si geni. Mnamo Agosti 1993, kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza Newton MessagePad, kompyuta ndogo ya mkononi iliyoandikiwa kwa kalamu maalumu. Ndani yake mlikuwa na daftari tayari. Madokezo yalitunzwa katika ghala ambalo wabunifu waliliita "supu". Programu nyingine iliyoandikwa kwa NewtonScript, lugha iliyobuniwa na Walter Smith, iliweza kuchota katika supu hiyo bila kupitia daftari lenyewe. Mlango uliachwa wazi kwa makusudi. Newton ilisitishwa Februari 1998.

Mwaka huohuo wa 1993 ilitoka pia AppleScript, lugha ya kuziamrisha programu za Macintosh. Daftari liitwalo Notes lilikuja na iPhone mwaka 2007, likafika kwenye kompyuta za Mac mwaka 2012. Hapo skripti ya mistari michache iliweza kuliagiza litoe kichwa, tarehe na matini ya kila dokezo.

Notes iliundwa upya mwaka 2015. Madokezo hukaa katika kanzidata ya SQLite, lakini matini yake yamebanwa kwa gzip na kupangwa kwa namna inayofahamika na mashine tu. Anayeifungua kanzidata moja kwa moja huviona vichwa. Matini humtaka kwanza aandike skripti ya kuyafumua. Aidha, tangu 2016 mwenye dokezo anaweza kulifunga kwa nywila.

Haya yanatuhusu nini? Mwenzetu mmoja alikusanya msamiati wa wavuvi wa Ziwa Victoria kwa miezi kadhaa, akauweka wote simuni. Simu ilipoharibika, tulibaki na karatasi tano alizoandika kwa mkono. Mmoja wa wazee waliomsimulia alikuwa ameshafariki. Maneno yake hatuwezi kuyauliza tena.

Kwa hiyo tunawasihi wanafunzi wetu: kila mrudipo kutoka uwandani, yatoeni madokezo, kwa skripti au kwa kunakili, muyaweke katika faili la matini ya kawaida ambalo kompyuta yoyote italisoma. Wakati huohuo tukumbuke kwamba skripti inayosoma daftari letu inaweza kusoma la mwingine pia. Kulifungua bila idhini ni sawa na kufungua barua isiyo yetu, na wasimulizi wetu walitupa maneno yao kwa amana.

Daftari zuri ni lile linalomtii mwenyewe, hata mashine ikifa.